Kilichobaki Baada ya Annakut

Hotuba ya kikundi cha jiko, iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika ukumbi wa hekalu, Dar es Salaam, wiki ya maadhimisho



Katika maadhimisho kama haya tumezoea kusikia habari za waasisi waliochanga fedha zao kidogo kidogo hata wakapata kiwanja, na za mafundi waliochonga milango tuliyoingilia leo. Habari hizo zitasemwa na wanaozijua. Sisi tulioitwa kusema sasa ni watu wa jikoni, wale ambao mikono yetu haiachi kunuka binzari hata siku ya harusi. Jambo letu ni dogo kwa umbo, maana linaenea ndani ya ndoo ya lita 20. Hata hivyo limetushughulisha kwa miaka mitatu, limetugombanisha, na pengine limetupatanisha.

Tuanze na wageni wetu. Siku inayofuata Diwali sisi huadhimisha Annakut, yaani mlima wa chakula. Hukumbukwa siku hiyo jinsi Krishna alivyouinua mlima Govardhan ukawa mwavuli wa kuwakinga watu na mifugo wakati wa mvua kubwa. Kwa kumbukumbu hiyo hupangwa mbele ya madhabahu ngazi kwa ngazi za vyakula: wali, dengu, kadhi, puri, mboga za kila namna, vitamu vya maziwa na samli, matunda na achari. Vikiisha kutolewa, vyakula hivyo huwa prasad na hugawiwa kwa kila ajaye. Sehemu hii majirani zetu wanaijua vema, kwa kuwa sahani nyingi huvuka barabara jioni ile.

Sehemu ambayo hawakupaswa kuijua, na ambayo kwa aibu yetu waliijua kuliko sisi, ni ile ya siku ya tatu. Maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya sahani, wali ulioungua chini ya sufuria, maziwa yaliyokatika na maua yaliyonyauka yalitiwa katika mifuko na kuegemezwa ukuta wa nyuma yakingoja gari la taka. Gari likichelewa, na wakati wa sikukuu huchelewa, mifuko ile ilianza kutoa maji. Sisi tulikuwa tumekwisha funga jiko na kwenda kupumzika. Waliobaki na ukuta ule walikuwa wanaoishi upande wa pili.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja anayepika chai na vitumbua nyuma ya ukuta alikuja mlangoni kwetu. Hakuja kwa ukali. Alituamkia, akatushukuru kwa sahani ya wanawe, kisha akasema: “Kina mama, sikukuu yenu ni njema nasi tunaifurahia. Ila kuanzia kesho kutwa wateja wangu hawakai. Mnatulisha siku moja, mnatunyima riziki siku nne.” Tulimwomba radhi. Alipoondoka tulitazamana, kisha mmoja wetu akasema neno ambalo hatukulisahau, kwamba sisi tunaofundishwa tangu utotoni kutokidharau chakula tulikuwa tumekidharau kwa pua za watu wengine.

Lilikuwepo jibu rahisi, nalo ni kulipa gari lije mapema. Tulilifanya, na bado tunalifanya kwa taka za plastiki. Lakini gari huzihamisha taka tu, haliziondoi. Jiji letu lina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mbele ya Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi, harufu na nzi wa dampo lililowekwa kati ya makazi yao, na mahakama ikawapa haki. Tangu hapo dampo limehamahama: Vingunguti, Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Kila lilipokwenda, lilimkuta mtu aliyekwisha kujenga au anayetaka kujenga. Aidha, chakula kibichi kikifukiwa chini ya takataka nyingine, mahali pasipo hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo hushika joto la angani mara nyingi zaidi kuliko hewa ya ukaa. Basi mama yule angepumua, na mama mwingine wa Pugu angefunga pua kwa ajili yetu.

Tukajaribu kwanza rundo la mboji. Wazee waliokulia mashambani walilijua. Wengine walikumbuka kwamba njia iliyoenea duniani inaitwa kwa jina la mji wa India, Indore, ambako Mwingereza Albert Howard alifanya kazi tangu mwaka 1924, akiyapanga katika tabaka majani makavu, samadi na udongo, na kuyageuza ili hewa ipite. Yeye mwenyewe alikiri kwamba wakulima wa India ndio waliokuwa walimu wake, na katika miaka ya 1930 njia hiyo ilifika hata katika mashamba ya kahawa ya Kenya. Ni njia nzuri. Maua yetu makavu ya galgota, majani ya migomba na magamba ya karanga tunayafanyia hivyo mpaka leo, kwenye kona ya ua, wala hayamsumbui mtu.

Wali wenye samli ni jambo jingine. Chakula kilichopikwa, maziwa na mafuta vikitiwa katika rundo la wazi katika joto la Dar es Salaam, huwaita panya usiku na kunguru mchana. Kuhusu kunguru tusiwe wepesi wa kulaumu. Ndege hawa weusi wenye shingo ya kijivu ni wageni kutoka India kama babu zetu. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kwa tumaini kwamba watasaidia kula taka za mji, wakavuka kuja bara, wakazaana kupita kiasi, na sasa huwala makinda wa ndege wenyeji. Tulipowaona wamejipanga juu ya kuba la hekalu wakitazama rundo letu, tulielewa kwamba tulikuwa tukirudia kosa lile lile kwa mikono yetu wenyewe. Rundo la vyakula tukalifunga baada ya wiki mbili.

Ndipo tulipokumbuka kitu ambacho kila mama aliye hapa anakifanya bila kukifikiria. Ukitaka dhokla kesho asubuhi, usiku huu unachanganya unga wa mchele na dengu pamoja na mtindi, unafunika na kuuacha. Asubuhi umeumuka, una uchachu, na hauna harufu mbaya hata kidogo. Embe bichi likikatwa na kushindiliwa katika guduria pamoja na chumvi na mafuta, hudumu mwaka mzima katika nchi ambayo embe bivu haliwezi kudumu siku nne. Jirani yetu naye ana togwa yake, na maziwa yake ya mtindi ndani ya kibuyu. Sote tunajua, ingawa hatukuwahi kulisema hivi, kwamba kuchacha na kuvunda ni njia mbili tofauti, na kwamba chakula kile kile chaweza kupelekwa huku au kule kutegemea mpishi alivyokifunika.

Kinachotenda kazi ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, hasa bakteria wa maziwa, wale wale wa mtindi. Hao hawahitaji hewa. Wakipata sukari kidogo na mahali palipofungwa, hula sukari na kutoa asidi. Uchachu ukipanda kiasi cha kutosha, bakteria wa uozo hawawezi tena kustawi humo, na nzi hawapati mlango wa kuingilia. Chakula hubaki na umbo lake, ila kimegeuka kuwa kama achari. Hakijawa mboji bado. Hili tunalisisitiza, kwa sababu wengi hufikiri ndoo inamaliza kazi. Ndoo huandaa tu, na udongo ndio humaliza.

Wajapani wanaliita zao la namna hii bokashi. Wakulima wao walikuwa wakichachusha pumba na mabaki ya shambani kwa ajili ya mbolea tangu zamani, na katika miaka ya 1980 mtaalamu wa kilimo wa Okinawa, Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, alieneza mchanganyiko wake wa vijidudu ambao sasa huuzwa katika nchi nyingi. Kuhusu mchanganyiko huo yamesemwa mengi, mengine makubwa mno: kwamba husafisha hili na kutibu lile. Sisi hatukuhitaji ahadi hizo. Tulihitaji uchachu tu, na uchachu tulikuwa nao jikoni.

Hivi ndivyo tunavyotengeneza chachu yetu. Maji ya kwanza ya kuoshea mchele, yale meupe, tunayatia katika chupa ya mdomo mpana mpaka nusu, tunafunika kwa kitambaa na kuyaacha kivulini siku mbili au tatu, hadi yaanze kunukia uchachu kidogo. Kisha kipimo kimoja cha maji hayo tunakichanganya na vipimo kumi vya maziwa. Baada ya siku tatu hadi tano maziwa hukatika: mgando huelea juu, na chini hubaki maji ya rangi ya manjano. Maji hayo ndiyo tunayoyataka. Tukiyachuja na kuyachanganya na sukari guru ya uzito ule ule, hukaa vizuri ndani ya friji kwa miezi kadhaa.

Baada ya hapo huja pumba. Kwa kilo tano za pumba za ngano au za mpunga tunayeyusha nusu kikombe cha chachu na nusu kikombe cha sukari guru katika maji kama lita mbili. Maji ya bomba tunayaacha wazi usiku kucha kwanza, ili dawa iliyotiwa ya kuua vijidudu itoke, la sivyo tutawaua tunaowaita. Tunanyunyiza na kuchanganya polepole kwa mikono. Ukikamata konzi moja na kulibana, linapaswa kushikamana bila kudondosha tone. Likidondosha, ongeza pumba. Zikiwa tayari tunazishindilia katika mfuko mnene, tunatoa hewa yote, tunafunga na kuzisahau kwa wiki mbili. Zikifunguliwa hunukia kama togwa. Tunazianika kivulini juu ya jamvi, na zikikauka zinaweza kukaa muda mrefu bila kuharibika.

Ndoo yenyewe ni ndoo mbili. Tunatumia zile za rangi ya ukuta, zilizooshwa vizuri, zenye kifuniko kinachobana. Moja inatobolewa matundu madogo chini na kuingizwa ndani ya nyingine, ili maji yanayotoka yakusanyike chini na chakula kisilowe. Unatia mabaki yaliyokatwakatwa kwa unene wa vidole viwili vitatu, unanyunyiza konzi la pumba, unashindilia kwa sahani au kwa chini ya bakuli, unafunika juu yake kwa mfuko wa plastiki ili hewa isiguse, unabana kifuniko. Kesho vivyo hivyo. Ndoo ikijaa, inafungwa na kuwekwa mbali na jua kwa wiki mbili.

Mkisikia hivyo mtadhani tulifaulu siku ya kwanza. Annakut ya mwaka wa pili tulikuwa na ndoo sita, na zote sita zilitushinda. Tuliwaachia vijana wa kujitolea kumwaga humo dengu na kadhi pamoja na rojo lake lote, kwa hiyo ndoo zikawa mchuzi. Pumba zetu zilikuwa chache, nasi tukazibania kama zafarani. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la kwetu sisi wakubwa: kila aliyepita alifungua kifuniko achungulie, na kila aliyechungulia aliingiza hewa. Siku ya kumi tulikuta ukungu wa kijani na mweusi, funza, na harufu ambayo hatutaieleza mbele ya wazee. Ndoo moja ilipasuka kifuniko usiku. Asubuhi mama wa vitumbua hakuja kulalamika. Alileta tu ndoo ya majivu akaiweka mlangoni, na hilo lilituuma zaidi.

Ni yeye aliyetuambia kosa letu, bila kujua jina lolote la Kijapani. “Mihogo ukiivundika,” alisema, “hufunui kila saa.” Pia alisema kwamba maji mengi huua uchachu wa unga. Tangu siku hiyo amekuwa mmoja wetu, na chachu tunayoitumia sasa inatokana na maji ya mchele wake, kwa sababu huosha mchele mwingi kila siku kuliko sisi.

Mwaka jana tulibadili utaratibu. Kwanza kabisa, kinacholika kinaliwa. Prasad haiingii katika ndoo ikiwa kuna mdomo wa kuipokea, na vijana walipewa kazi ya kupeleka sahani hata kwa walinzi na madereva wa bajaji mpaka sufuria zilie. Rojo linachujwa kabla. Mafuta mengi hatutii. Kila ndoo ina mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuifungua, na jina lake limeandikwa kwenye kifuniko kwa rangi. Ukungu mweupe kama pamba ukitokea juu tunaufurahia, maana ni dalili njema. Wa kijani au mweusi ukitokea kidogo, tunautoa na kuongeza pumba. Ukiwa mwingi, ndoo hiyo tunaifukia mara moja katika shimo refu, na tunakubali kwamba tumeshindwa. Mwaka jana ilitupasa kukubali mara moja tu, katika ndoo tisa.

Maji yanayokusanyika chini tunayatoa kila siku ya pili au ya tatu. Ni makali kwa uchachu, na mtu asiyamwage kwenye mimea yalivyo, ataiunguza. Kipimo kimoja kwa maji mia ndiyo kadiri yake, na yatumike siku ile ile. Wengine wetu huyamwaga bila kuyapunguza katika bomba la maji machafu la sinki, nao husema harufu ya bomba hupungua. Si ya kunywa wala ya kuchezewa na watoto, na mikono ioshwe. Uchachu hupunguza vijidudu vya madhara, lakini hatumdhaminii mtu kwamba huvimaliza vyote.

Sasa tufike mahali palipokuwa pagumu kuliko ndoo. Tulipokuwa na ndoo zilizochacha vizuri, ziko kama achari, tuligundua kwamba hekalu letu halina udongo. Tazameni ua wetu: ni saruji na marumaru kutoka lango hadi ukuta, isipokuwa ile kona ya rundo la maua na jukwaa la tulsi. Wengi wetu tunaishi ghorofani, na udongo wetu ni ule wa vyungu vya baraza. Tulikuwa tumejifunza kuchachusha kitu tusichokuwa na mahali pa kukilaza.

Mzee mmoja wa mtaa huu, ambaye yuko hapa leo na ametuomba tusimtaje, ana ua wa udongo wenye mipapai na migomba. Alisema tulete ndoo zetu kwake. Akaongeza sharti moja, lenye haki kabisa: majirani wengine nao walete zao. Katika ndoo zao mna vichwa vya samaki, mifupa ya kuku na mabaki ya mchuzi wa nyama. Ndoo hizi huvipokea vitu hivyo pia, vikiwa kidogo na vikiwa vimekatwa, na hiyo ni sifa yake mojawapo juu ya rundo la kawaida.

Hapo palizuka mjadala jikoni kwetu, na hatutauficha. Baadhi ya wazee wetu walihisi uchungu kwamba mabaki ya jiko la hekalu, ambalo halijaingia nyama tangu lijengwe, yalale mtaro mmoja na vichwa vya samaki. Wengine walisema mabaki ya sahani ni jutho, yameguswa na midomo, hayana tena hadhi ya kulindwa, na kwamba udongo haumwulizi mtu alikula nini. Maharaj-ji alisikiliza pande zote mbili. Ushauri wake ulikuwa kwamba nirmalya, yaani maua na majani yaliyoguswa na madhabahu, yasiende mtaroni kamwe. Yakae katika rundo lake hapa uani, na mboji yake iende kwenye tulsi na mahali pasipokanyagwa. Ndoo za jiko alituachia tuamue wenyewe. Tuliamua kuzipeleka. Wachache kati yetu hawakuridhika, na hawajaridhika mpaka leo. Ba mmoja huja na ndoo yake mwenyewe kutoka nyumbani na kuifukia katika chungu kikubwa barazani kwake, asichanganye. Tunaiheshimu ndoo yake, na pumba tunampa.

Mtaro unachimbwa kina cha sentimeta 30 hivi. Kilichochacha kinamwagwa humo, kinachanganywa na udongo kwa koleo, kisha kinafunikwa kwa udongo usiopungua sentimeta 20, ili mbwa na kunguru wasikifukue. Katika wiki mbili za kwanza kisikaribiane na mizizi michanga, kwa kuwa bado kina asidi. Baada ya hapo udongo huanza kuituliza. Katika joto letu, ukichimba baada ya mwezi mmoja, humwoni wali wala ganda la kiazi. Kitakachobaki ni kokwa za embe, na kwa upande wa majirani mifupa michache. Udongo wa Dar es Salaam ni mchanga usioshika maji, na pale ambapo ndoo zetu zililala mwaka jana mzee anasema humwagilia mara chache zaidi. Mwezi uliopita alituletea mkungu wa ndizi. Tuliupika, tukala wote, na maganda yake tukayarudisha.

Kwa wanaoishi ghorofani ipo njia isiyohitaji ua. Chukua ndoo ya tatu au kreti iliyotandikwa mfuko, tia udongo mkavu kidogo, changanya na kilichochacha kiasi kisichozidi nusu ya udongo huo, funika tena kwa udongo, acha mwezi mmoja barazani mahali pasiponyeshewa. Utakachopata kitatosha kwa vyungu vya kotmiri, pilipili na tulsi, ambaye kwa wageni wetu ni ndugu wa mrehani na kivumbasi wanaoujua. Mmoja wetu anaishi ghorofa ya nne na mume asiyependa harufu yoyote. Alikaa miezi miwili bila kumwambia kilichokuwa ndani ya ndoo chini ya sinki. Alipomwambia, mume alisema alidhani ni achari.

Tunaombwa na wengi tuseme ni kiasi gani tumepunguza. Hatuna mizani, kwa hiyo hatutataja kilo. Tunachoweza kusema ni kwamba Annakut ya mwaka jana mifuko iliyoegemezwa ukuta wa nyuma ilikuwa mikavu, haikutoa maji, na gari lilipochelewa siku tatu hakuna aliyekuja mlangoni. Mama wa vitumbua aliuza chai siku zote nne. Alikuwa na benchi la ziada.

Annakut ya mwaka huu itakuwa kubwa kuliko zote kwa sababu ya maadhimisho, na ndoo tisa hazitatosha. Tunahitaji ndoo ishirini zenye vifuniko vinavyobana. Ndoo za rangi zinafaa, ila zisiwe zilizowahi kubeba dawa ya wadudu au mafuta ya mashine. Tunahitaji pumba pia. Wenye mashine za kusaga na wenye maduka mliopo hapa mnajijua. Tunahitaji watu ishirini wa kuandikwa majina kwenye vifuniko, na sharti la kuandikwa ni kuahidi kutochungulia. Mzee amekubali mtaro wa pili, kuelekea kwenye mipapai, nao utachimbwa Jumapili baada ya arti ya asubuhi. Anayeweza kushika jembe aje, wa hekalu na wa mtaa, na aje na kofia, kwa kuwa kule hakuna kivuli mpaka migomba ikue.

Pumba zilizo tayari ziko jikoni, magunia mawili karibu na mlango wa nyuma. Kila atakayeondoka leo achukue mfuko mmoja. Pia pana chupa za chachu kwa wanaotaka kutengeneza pumba zao nyumbani. Zile zenye kifuniko chekundu ndizo za wiki hii. Zenye kifuniko cha bluu ni achari ya embe ya Ba, na tafadhali msizichanganye, kwa sababu mwezi uliopita zilichanganywa.